Kuacha dawa za ukungu kwenye viazi mviringo: jibu kwa mkulima wa Lukozi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nalima viazi mviringo ekari moja huku Lukozi, wilaya ya Lushoto. Shamba liko kwenye mteremko na chini yake kuna chemchemi tunayochota maji ya kunywa. Masika hii nimepuliza dawa ya unga kila baada ya siku saba na bado majani yameungua yote kabla viazi havijajaa. Mashina mengine yananyauka ghafla yakiwa bado ya kijani. Nataka niachane na hizi dawa za ukungu. Wapo wanaoniambia majivu, wengine mwarobaini, wengine maziwa, wengine mrututu (salfeti ya shaba), na kuna duka linauza kitu kinaitwa Trikodema. Kipi kinafanya kazi kweli? Na nikifaulu, naweza kuuza kama viazi visivyo na kemikali?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwa maelezo yako shamba hilo lina magonjwa mawili, na mojawapo halijui dawa yoyote ya ukungu. Shina linalonyauka ghafla likiwa kijani mara nyingi lina mnyauko bakteria. Dawa ya ukungu, iwe ya dukani au ya kutwanga nyumbani, haimgusi bakteria. Kwa hiyo sehemu ya fedha uliyotumia masika hii ilipotea hata kabla hujabeba solo, lile bomba la kupulizia, mgongoni. Tujue kwanza adui ni nani, ndipo tuzungumze silaha.

Nenda shambani asubuhi kabla umande haujakauka. Ule ukungu unaounguza shamba zima kwa siku chache, ambao wataalamu huuita bakajani chelewa, huanza na doa la kijani kilichofifia lililolowa maji, aghalabu kwenye ncha au ukingo wa jani. Doa hugeuka kahawia, kisha jeusi. Geuza jani. Ukiona utando mweupe mwembamba kuzunguka doa upande wa chini, ndio wenyewe. Ukiwa na shaka, tia jani kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na kitambaa kibichi, uliache ndani ya nyumba usiku mmoja. Kama ni huo, utando utaota. Bakajani tangulia ni ugonjwa mwingine kabisa. Madoa yake ni makavu, yana miviringo iliyo moja ndani ya nyingine, huanzia majani ya chini yaliyozeeka, na hupenda mimea yenye njaa ya naitrojeni. Huo hauna haraka, na mara nyingi samadi iliyoiva pamoja na maji ya kutosha huupunguza kuliko dawa.

Kwa mnyauko, kata shina lililonyauka karibu na udongo, ulining'inize ili sehemu iliyokatwa iguse maji safi ndani ya glasi, na usitikise. Zikishuka nyuzi nyeupe za utelezi ndani ya dakika chache, ni bakteria. Ukikata kiazi cha shina hilo utaona pete ya kahawia, na ukikibonyeza kitatoa ute mweupe. Fanya kipimo hiki leo, maana mpango wote unaofuata unategemea jibu lake.

Sasa turudi kwa ukungu. Kiumbe anayeusababisha, Phytophthora infestans, ndiye aliyeteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Kibayolojia si kuvu halisi. Yuko karibu zaidi na mwani. Hili lina maana shambani, kwa sababu vitu vingi vinavyosifiwa kuzuia kuvu havimpati huyu. Hutoa vimbegu usiku unyevu wa hewa ukizidi asilimia 90, vimbegu hupeperuka asubuhi, na jani likibaki bichi kwa saa chache tu vinaingia. Dalili huonekana baada ya siku tatu hadi tano. Yaani siku unapoona doa la kwanza, maambukizi ya pili na ya tatu tayari yamo ndani ya majani yanayoonekana mazima. Baridi ya usiku, ukungu wa hewa unaolala mlimani hadi saa nne asubuhi, manyunyu ya mfululizo: hali ya hewa ya masika huko juu humfaa kuliko inavyokifaa kiazi.

Kwa sababu hiyo nakwambia wazi: hakuna kitu cha kupuliza, cha asili au cha kienyeji, kitakachochukua nafasi ya dawa ya dukani wewe ukiendelea kupanda mbegu ileile, msimu uleule, kwa nafasi ileile. Anayekuuzia chupa akidai itafanya hivyo anakuuzia maji. Kinachochukua nafasi ya dawa ni aina ya kiazi, usafi wa mbegu, wakati wa kupanda na namna maji yanavyokaa kwenye majani. Ukivipanga hivyo vinne, kupuliza kunakuwa kazi ya mara mbili au tatu kwa msimu. Usipovipanga, hata kila wiki haitoshi, na wewe mwenyewe umeshashuhudia.

Aina ya kiazi kwanza, kwa kuwa haikuongezei kazi hata ya siku moja. Miongoni mwa aina zilizotokana na utafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, na kuidhinishwa nchini mwetu, zipo Asante, Sherekea, Meru na Mkanano. Sherekea inajulikana kwa kuuvumilia ukungu vizuri; Asante inavumilia kwa kiasi, ila usiitarajie isimame peke yake kwenye masika yenye manyunyu ya mwezi mzima. Shangi, inayopendwa sana Kenya kwa sababu inakomaa upesi na inatoka vizuri kwenye chipsi, haina ulinzi wa kutosha. Ukiipanda huko juu wakati wa masika bila dawa unacheza bahati nasibu. Kuvumilia hakumaanishi kutougua. Kunamaanisha doa linakua polepole na kutoa vimbegu vichache, hivyo shamba linachelewa kuungua kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo viazi vinajaa. Usibadilishe ekari nzima kwa mkupuo. Panda mistari mitatu ya kila aina utakayoipata, palepale kwako, kwa nafasi moja na samadi moja, na uangalie ipi imebaki na majani siku ya 75. Mwonyeshe na dalali wako viazi vyake kabla hujaamua, maana kiazi kizuri ambacho soko halikitaki kitakurudisha kwenye aina ya zamani na solo lake.

Mbegu ndiyo njia kuu ambayo bakteria husafiri, na ukungu pia hukaa ndani ya viazi vilivyougua. Desturi ya kuuza vikubwa na kubakiza vidogo kwa mbegu ina kasoro kubwa: shina lililougua ndilo linalozaa vidogo vingi, kwa hiyo kila msimu unachagua ugonjwa bila kujua. Dawa yake ni kuchagua mashina, si viazi. Kabla tu ya maua, mmea ukiwa katika ubora wake, pita shambani na vijiti, uchomeke kijiti penye shina lenye nguvu, majani yasiyojikunja, yasiyo na rangi mbili wala dalili ya kunyauka. Baada ya wiki mbili rudia. Lililobadilika, ling'olee kijiti. Siku ya kuvuna, chimba yenye vijiti kwanza, moja moja, na shina ambalo viazi vyake ni vichache au vina kasoro ulitupe kwenye fungu la kula. Majaribio ya njia hii yaliyofanywa na wakulima wa Kenya yaliongeza mavuno kwa takriban asilimia 30 bila kununua chochote.

Kiasi gani? Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari inabeba mashina kama 18,000. Shina zuri likikupa viazi tisa vya saizi ya yai la kuku, unahitaji kuchagua mashina 2,000 hivi. Ni kazi ya watu wawili kwa siku moja, na vijiti vya kutosha. Lakini sharti lipo: shamba ambalo kipimo cha glasi kimeonyesha bakteria, hata kwa shina moja, halitoi mbegu. Shina jirani linaloonekana zima huweza kuwa na bakteria aliyelala. Katika hali hiyo nunua mbegu iliyothibitishwa au iliyoazimiwa ubora, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Muulize bwana shamba wa kata ni nani ana mbegu ya namna hiyo kabla ya msimu, si wiki ya kupanda. Kituo cha TARI (taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo) Uyole, Mbeya, ndicho kinachoshughulikia utafiti wa viazi kitaifa, na mbegu nyingi safi huanzia Nyanda za Juu Kusini. Gunia lililoshushwa sokoni bila lebo, hata liwe limetoka mbali na linang'aa, ni viazi vya kula.

Panda kiazi kizima cha gramu 40 hadi 60. Kukikata kunapunguza gharama, lakini kisu kimoja hubeba bakteria kutoka kiazi kimoja hadi makumi yanayofuata. Ukilazimika, tumia visu viwili kwa zamu. Kimoja kikae kwenye maji yenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, huku kingine kikikata. Mbegu ihifadhiwe kwenye mwanga hafifu, chini ya paa lisilovuja, juu ya vichanja vyenye hewa, isizidi tabaka mbili au tatu. Mwanga huo hufanya machipukizi yawe mafupi, manene na ya kijani. Mbegu iliyofunikwa gizani hutoa machipukizi marefu meupe yanayokatika, na shina linalotoka hapo huanza maisha likiwa dhaifu.

Wakati wa kupanda una mtego wake huko Usambara. Kupanda viazi masika, Machi hadi Mei, ni kukutana na ukungu uso kwa uso. Vuli ina mvua fupi zaidi, na kilimo cha kumwagilia bondeni wakati wa kiangazi ndicho chenye majani makavu zaidi. Wengi hukimbilia bondeni kwa sababu hiyo, kisha wanashangaa kukuta mnyauko umezidi. Maji ndiyo sababu: kila shamba la juu lenye bakteria huteremsha tope lake kwenye lile la chini, na mfereji mmoja unaopita mashamba sita hugawa bakteria kwa wote sita. Kwa hiyo ukishuka bondeni, chota maji juu ya mashamba ya viazi na nyanya, si chini yake. Ukibaki mteremkoni, chimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa shamba lako, wenye kina cha sentimita 40 hivi na mteremko mdogo wa kuyapeleka pembeni, na kingo zake uziimarishe kwa majani ya malisho.

Masika hiyohiyo unaweza kuipa ekari mazao mengine. Gawa shamba vipande vinne: viazi, maharage, kabichi au karoti, na mahindi. Kwa misimu miwili ya mwaka, kila kipande kinaonja viazi mara moja kwa miaka miwili, na kipande chenye bakteria kipewe muda mrefu zaidi. Nyanya, pilipili hoho, biringanya na nyanya chungu haziingii kwenye mzunguko huu kwa sababu ni ndugu wa kiazi. Nyanya hushika ukungu huohuo, na hoho zilizojaa Lushoto huweza kumtunza bakteria. Wakulima wengi huusahau mnavu. Ni mboga nzuri, lakini nao ni ndugu. Uliojiotea kando ya matuta ya viazi unaweza kulisha bakteria miaka yote unayodhani ardhi imepumzika. Ng'oa pia ndulele mipakani na maotea yote ya viazi ndani ya mahindi. Viazi vibovu visirundikwe pembeni mwa shamba. Rundo hilo huchipua mvua za kwanza na kuwa chanzo cha ukungu wa kijiji. Fukia kwa kina kisichopungua nusu mita.

Kuhusu nafasi na matuta nitakuwa mfupi. Sentimita 75 hadi 80 kati ya mistari, 30 kati ya mashina, mistari ifuate kontua, yaani ikate mteremko badala ya kushuka nao. Usibane ukidhani unaongeza mavuno. Majani yakifungana mapema hayakauki hadi saa sita mchana. Samadi iliyoiva, tani nne kwa ekari, inatosha kuanzia. Mbichi huleta ukurutu kwenye ngozi, na urea nyingi huzaa msitu wa majani laini ambao ukungu unaupenda. Palilia na kupandishia udongo mimea ikifika sentimita 15 hadi 20, rudia wiki mbili au tatu baadaye, tuta lifike sentimita 25 hadi 30. Tuta la kimo hicho huzuia vimbegu vinavyooshwa na mvua kutoka kwenye majani visifike kwenye viazi, na pia humzuia nondo wa viazi. Ukimwagilia kwa mpira au kwa vinyunyizio, fanya alfajiri hadi asubuhi, kamwe si jioni.

Tuje kwenye vitu ulivyotajiwa.

Majivu ni mbolea ya potasiamu, si dawa ya ukungu. Zaidi ya hapo hupandisha pH ya udongo, na ukurutu wa viazi hustawi pH inapopanda juu ya 5.2 hivi. Yapeleke kwenye migomba. Maziwa, na hata magadi, yana sifa ya kweli dhidi ya ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya majani, kwenye maboga na matango; hapo sifa hiyo inaishia, bakajani chelewa si ubwiri. Mwarobaini husaidia kwa wadudu. Maji ya kitunguu saumu huzuia vimbegu kuota ndani ya maabara, na watu wengi wameyapenda kwa hilo, ila shambani mvua moja ya nguvu inayaosha, nawe huwezi kutwanga saumu za ekari nzima kila siku ya tatu.

Trikodema ni kitu halali kabisa, ila wanakiuza kwa kazi isiyo yake. Ni kuvu rafiki anayeishi udongoni na kuwashambulia kuvu wengine, na kazi anayoiweza ni dhidi ya Rhizoctonia, ule ugonjwa unaoacha vipande vyeusi kwenye ngozi ya kiazi visivyotoka kwa kuosha, na dhidi ya mnyauko fusari. Dhidi ya ukungu wa majani usimtegemee. Ukimtaka, mchanganye na mboji iliyoiva na yenye unyevu kwa kiwango cha lebo, funika kwa magunia mabichi kivulini kwa siku saba hadi kumi, ugeuze mara moja katikati, kisha uweke kwenye mifereji siku ya kupanda. Ni kiumbe hai: jua kali humuua, shaba humuua, dawa ya unga humuua. Asiingie kwenye solo uliyopulizia mrututu. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwenye pakiti; unga uliokaa dirishani mwa duka mwaka mzima hauna tofauti na vumbi. Zipo pia bidhaa za bakteria Bacillus subtilis za kupuliza kwenye majani. Hizi hupulizwa kabla ya dalili, alasiri jua likipungua lakini majani yakipata muda wa kukauka kabla ya giza. Zinapunguza bakajani tangulia kuliko zinavyopunguza chelewa.

Unabaki mrututu. Ukichanganywa na chokaa unapata ule mchanganyiko wa Bordeaux ambao Mfaransa Millardet aliutangaza mwaka 1885, na mpaka leo ndiyo kinga ya majani inayotegemewa zaidi na wanaolima bila dawa za viwandani. Lakini usijidanganye: ni shaba, na shaba ni kemikali. Inaruhusiwa kwenye kilimo hai kwa masharti. Haiozi wala haipotei. Kila unachopuliza kinabaki kwenye udongo wako, na kikifika majini ni sumu kwa samaki na viumbe wadogo.

Kwa solo ya lita 15, chukua gramu 150 za mrututu na gramu 150 za chokaa iliyozimwa, ile laini ya kupaka nyumba. Chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, haifai hata kidogo, na chokaa iliyokaa wazi kwa miezi huwa imeshakufa. Yeyusha mrututu kwenye lita 7 za maji ndani ya ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati italika. Usiku kucha unatosha, au tumia maji ya moto kidogo mwanzoni. Koroga chokaa kwenye lita 8 ndani ya ndoo nyingine. Kisha mimina mrututu ndani ya chokaa polepole huku ukikoroga, si kinyume chake. Utapata rangi ya samawati kama anga. Chovya msumari safi kwa dakika moja: ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha na mchanganyiko huo utaunguza majani, ongeza chokaa, upime tena. Chuja kwa kitambaa, puliza siku hiyohiyo. Kesho utakuwa umeganda na hautashika. Mimea ikiwa bado michanga tumia nusu, gramu 75 kwa 75. Vaa glavu na miwani, maana mrututu jichoni ni hatari.

Puliza kabla ya ugonjwa, majani makavu, pande zote mbili za jani. Doa lililokwisha kuingia haliponi. Wakati mwafaka ni siku majani yanapokaribia kufunga mistari, au ukisikia ukungu umeonekana kwa jirani, au utabiri unaleta siku tatu za manyunyu. Sasa hesabu ya shaba. Ekari yenye majani kamili inakunywa solo kama 15, yaani kilo 2.25 za mrututu, na robo yake, kilo 0.57, ni shaba tupu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, ambacho ni wastani wa kilo 1.6 kwa ekari kwa mwaka. Ukikifuata kama kipimo, una mizunguko miwili kamili kwa mwaka mzima; wa tatu unakizidi kidogo. Anayepuliza mrututu kila wiki hajaacha kemikali. Amebadilisha jina lake tu, na kwa udongo wake pengine amechagua iliyo mbaya zaidi. Kwa upande wa chemchemi, acha ukanda wa nyasi usiopulizwa wala kulimwa wa mita 10 au zaidi, na maji ya kuoshea solo yamwagwe katikati ya shamba, juu.

Ukiona doa la kwanza, kagua kila siku. Kama ni sehemu moja, subiri mchana majani yakikauka, ng'oa mashina hayo pamoja na majirani zake kwa mita moja kuzunguka, yatie kwenye gunia palepale ili yasipukutishe vimbegu njiani, ukafukie. Ukungu ukishakula robo ya majani na mvua haijakata, mrututu hautaokoa kitu. Hapo kata majani yote usawa wa udongo, yatoe nje, na viazi viache ardhini wiki mbili hadi tatu ili ngozi ikomae na vimbegu vya juu vife. Najua jambo hili linauma, viazi bado vidogo na gunia halijai. Lakini vidogo vizima vinauzika. Vikubwa vilivyochimbwa chini ya majani yanayooza huanza kuoza navyo ndani ya wiki mbili, mara nyingi vikiwa tayari kwa dalali, na hasara hiyo inakurudia wewe.

Sikushauri uache dawa kwa ekari nzima msimu ujao. Anza na robo ekari yenye aina vumilivu na mbegu safi, upande wa juu wa shamba mbali na chemchemi. Kwenye sehemu iliyobaki, kama bado utapuliza za dukani, puliza kwa kuangalia hali ya hewa badala ya kalenda, na usirudie mfululizo dawa yenye metalaksili, kiambato cha kuua ukungu kinachopenya ndani ya jani. Huko Ireland na Uholanzi ukungu sugu kwa metalaksili ulionekana mwaka 1980, miaka michache tu baada ya dawa hiyo kuingia sokoni. Dawa ya unga unayosema, nadhani ni mankozebu, hukinga tu na huoshwa na mvua, ndiyo maana ratiba ya siku saba ilishindwa kwenye wiki yenye mvua nne. Umoja wa Ulaya ulikataa kuirefushia kibali mwaka 2020 kwa sababu za kiafya, kwa hiyo wasiwasi wako kuhusu maji ya kunywa una msingi.

Kuuza: neno la kisheria na la soko ni kilimo hai, na alama yake kwa Afrika Mashariki ni Kilimohai, inayofuata kiwango cha pamoja kilichotoka mwaka 2007. Huipati kwa robo ekari ya jaribio ilhali kando yake unapuliza mankozebu na upepo unavuka. Inahitaji kipindi cha mpito, kumbukumbu za kila ulichoweka shambani na ukaguzi, na ni nafuu zaidi mkiingia kama kikundi. Dalali wa lumbesa hatakulipa shilingi ya ziada kwa hilo; wanaoweza kulipa ni hoteli na maduka ya Tanga mjini na Dar es Salaam yanayotaka viazi vilivyochambuliwa, kwa kilo. Na ukiwa umepuliza mrututu, usimwambie mnunuzi kwamba viazi havikuguswa na kemikali. Mwambie ulipuliza nini, mara ngapi, na tarehe ya mwisho.